Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunapima Nini Tunapopima Diski ya Filamu Kongwe ya Kifaransa?

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, nawaletea taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao zipo kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuzipitia. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyotukutanisha: kupima matoleo ya DVD na Blu-ray ya filamu kongwe za sanaa za Ufaransa, ili mwenzetu anayedunduliza fedha yake kuagiza diski kutoka ng'ambo ajue anaagiza nini.

Safari hii jopo halikukimbizana na matoleo mapya. Tulichukua filamu zilizotolewa zaidi ya mara moja, tukaweka matoleo yake pamoja mezani na kuangalia kila mtoaji ameifanyia nini filamu ileile. Ndipo likaibuka swali lililotawala vikao vyote: diski hii inatupa filamu aliyoitengeneza mwongozaji, au filamu aliyoitamani fundi wa kompyuta miaka hamsini baadaye?

Mabishano makali zaidi yalihusu chembechembe za picha, yaani punje ndogo za mkanda zinazoonekana kwenye picha. À bout de souffle ya Jean-Luc Godard, ya 1960, ilipigwa na mpiga picha Raoul Coutard. Walitaka kupiga Paris usiku, barabarani na vyumbani, bila taa za studio, na mikanda ya kawaida ya sinema haikuweza kushika mwanga hafifu namna ile. Coutard akachukua Ilford HPS, mkanda uliotengenezwa kwa ajili ya kamera za picha za mnato na uliouzwa kwa roli fupi. Wakawa wanaziunga roli hizo moja kwa moja mpaka zitoshe kulisha kamera. Kwa hiyo punje zile zinazochemka kwenye kuta na kwenye mashavu ya mwigizaji Jean Seberg ni sehemu ya uamuzi wa kisanii. Bila mkanda ule, matukio yale yasingepigwa kabisa.

Tulipima toleo moja ambalo lilikuwa limelainishwa kwa kompyuta. Kwenye runinga kubwa lilivutia kwa dakika tano za mwanzo, na baadhi yenu mlilipa alama za juu. Kisha tukasimamisha picha kwenye uso uliokaribiwa na kamera: vinyweleo vya nyusi vimeungana kuwa doa moja, ngozi imekuwa nta, na mfumo wa kitambaa cha koti umepotea. Punje zikifutwa, maelezo madogo yanafutika nazo, kwa sababu yamo ndani ya punje hizohizo. Nashukuru kwamba waliotoa alama za juu walikubali kuzirekebisha baada ya kuangalia kwa karibu, na bila kinyongo.

Hata hivyo, picha ina watetezi wengi. Ninayetaka kuitetea ni sauti, na hapa naomba mnivumilie nichukue nafasi kidogo.

Un condamné à mort s'est échappé ya Robert Bresson, ya 1956, inasimulia habari ya Fontaine, mfungwa wa Wajerumani katika gereza la Montluc mjini Lyon, anayetoboa mlango wa seli yake kwa kijiko cha chuma alichokinoa. Sehemu kubwa ya gereza hilo tunaijua kwa masikio. Tunasikia ufunguo wa mlinzi ukiburuzwa kwenye vyuma vya ngazi, hatua za viatu kwenye ujia, treni inayopita nje. Usiku wa kutoroka, Fontaine na mwenzake wako juu ya paa lenye changarawe, na anasubiri treni ipite ndipo apige hatua. Baadaye inasikika sauti ya kitu kinacholia kwa kukwaruza, inakuja na kuondoka, na yeye hajui ni nini. Nasi hatujui. Tunakaa naye gizani tukisikiliza mpaka anapochungulia na kuona ni mlinzi anayezunguka kwa baiskeli katikati ya kuta mbili.

Mwanachama wetu wa Tanga, ambaye ni fundi redio, alitufungia spika nzuri na kutuchezea kipande hicho kutoka matoleo mawili. Katika toleo la kwanza mvumo wa mkanda umeachwa chini kabisa, kama ilivyokuwa sinema nyingi za wakati ule, na juu yake usiku una uhai: upo umbali, ipo hewa, na baiskeli inatokea mahali fulani. Katika toleo la pili mvumo umefutwa kabisa. Kati ya sauti na sauti pana ukimya mtupu, baiskeli inalia kana kwamba imewekwa ndani ya studio, na mwisho wa kila mlio umekatwa kwa sababu programu ya kusafishia iliuhesabu kuwa ni uchafu. Picha ya toleo hilo la pili ilikuwa nzuri zaidi. Kwa fomu yetu ya sasa, ambayo inaipa picha alama 50 na sauti 20, toleo hilo lilishinda. Nilikataa kutia sahihi matokeo hayo, na jopo likanielewa. Tumemwandikia mtoaji, hatujapata jibu, ndiyo maana simtaji hapa.

Hoja hii hatukuianzisha sisi. L'Année dernière à Marienbad, ya 1961, ilipotolewa na Criterion, kampuni ya Marekani ya diski za filamu, mwaka 2009, mwongozaji wake Alain Resnais mwenyewe, ambaye alikuwa hai bado, alitaka diski iwe na sauti ya awali ambayo haikusafishwa pamoja na ile iliyosafishwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba ukirekebisha kila kinachoitwa kasoro, unaweza kuupoteza mtindo wenyewe wa filamu. Mtazamaji anabonyeza kitufe na kuchagua. Jopo lililipa toleo hilo nafasi ya kwanza kwa upande wa sauti, na kwa maoni yangu kila mtoaji wa filamu za miaka ile angepaswa kuufuata mfano huo, kwani hauhitaji teknolojia yoyote ngeni. Kinachotakiwa ni heshima tu.

Kwa rangi, somo letu lilikuwa Les Parapluies de Cherbourg ya Jacques Demy, ya 1964. Mkanda wa rangi wa Eastmancolor wa miaka ile hufifia, na ukififia hakuna anayeweza kuapa kwamba anakumbuka waridi ya karatasi za ukutani ilikuwa waridi ipi. Bahati nzuri Demy aliagiza zitunzwe kopi tatu za rangi nyeusi na nyeupe, kila moja ikihifadhi kumbukumbu ya rangi moja ya msingi, na rangi nyeusi na nyeupe haififii namna hiyo. Kutokana na kopi hizo filamu ilirejeshwa katika miaka ya 1990, Demy akiwa ameshafariki mwaka 1990, kazi ikisimamiwa na mkewe Agnès Varda. Kwa hiyo hapa tunapohukumu rangi tuna kitu cha kushika. Kwa filamu nyingine hatuna, na tumekuwa tukiona matoleo mapya ambayo weupe wake umegeuka manjano na anga yake imeingia ukijani, filamu baada ya filamu, hata zile zilizopigwa na wapiga picha wasiofanana kwa lolote. Filamu za watu tofauti zikishaanza kufanana rangi, wa kuulizwa ni maabara.

Filamu hiyohiyo ya Demy ilitupa funzo jingine. Maneno yake yote yanaimbwa, kuanzia gereji hadi kituo cha mafuta. DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio runinga zetu za zamani zilikuwa zikiutumia, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema. Filamu ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96, na sauti isiporekebishwa inapanda. Katika mazungumzo ya kawaida huenda usigundue. Katika muziki wa Michel Legrand, sauti ya kila mwimbaji inakuwa nyembamba kuliko ilivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Blu-ray imeondoa tatizo hilo kwa kuwa inaweza kuendesha picha 24. Kwa hiyo kwa filamu zenye muziki mwingi, ushauri wetu ni kwamba mwenye uwezo asinunue DVD ya PAL.

Mwendo wa picha ulitushughulisha pia kwenye La Passion de Jeanne d'Arc, ambayo Carl Theodor Dreyer, Mdenmaki, aliitengeneza Ufaransa na kutolewa 1928. Negativu yake, yaani mkanda wa awali uliotoka kwenye kamera, iliungua Ujerumani, na kwa miongo mingi watu waliitazama katika sura zilizoungwaungwa, mpaka kopi nzima ilipogunduliwa mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norway. Ikiendeshwa picha 20 kwa sekunde inachukua dakika 97. Kwa picha 24 inachukua 81. Machozi ya Renée Falconetti, anayemwigiza Jeanne, yanashuka kwa kasi mbili tofauti, na huo ni uigizaji wa namna mbili. Matoleo bora ya filamu hii yanakupa miendo yote miwili. Mimi nasimama na 20, wajumbe wawili wa jopo wanasimama na 24, na tumekubaliana kwamba diski inayokunyima uchaguzi inapunguziwa alama.

Kwa La Règle du jeu ya Jean Renoir niseme kwa ufupi. Ilikataliwa na watazamaji 1939, ikakatwakatwa, negativu yake ikateketea kwa mabomu wakati wa vita, na ile ya dakika 106 tunayoijua iliungwa upya 1959 kwa baraka za Renoir. Kwa hiyo hakuna diski inayoweza kudai kuwa na "filamu ya awali" ya usiku ule wa kwanza. Tunachotaka ni kijitabu kinachosema hivyo waziwazi. Playtime ya Jacques Tati, iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 70, tumeiahirisha kwa sababu runinga ya chama ni ndogo mno kuitendea haki.

Wanachama wengi wameuliza kuhusu deki. Watoaji wameigawa dunia katika kanda, na diski iliyofungwa kwa kanda moja haichezi kwenye deki ya kanda nyingine. Kwa DVD, sehemu kubwa ya Afrika ipo kanda ya 5, Ulaya Magharibi ni ya 2 na Marekani ni ya 1. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya ziko pamoja katika kanda B, kwa hiyo diski ya Ufaransa itacheza kwenye deki iliyonunuliwa Dar es Salaam au Mombasa, lakini ya Marekani yenye kufuli la kanda A haitacheza. Diski za 4K hazina kanda. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

Tatizo la matoleo ya Ufaransa yenyewe ni manukuu, yaani maandishi ya mazungumzo yanayotokea chini ya picha. Mengi yana manukuu ya Kifaransa tu, yaliyowekwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri, na mengine hayana kabisa. Hapo ndipo wenzetu wa Lubumbashi na Bujumbura walipotubeba. Wao husikia Kifaransa moja kwa moja, na ndio walioonyesha kwamba toleo moja la Kiingereza lilikuwa linaruka sentensi nzima kila watu wawili wanapozungumza kwa pamoja. Manukuu ya Kiswahili hatujayaona kwenye diski yoyote tuliyoipima.

Lipo jambo moja ambalo jopo halikuafikiana. Baadhi walitaka La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, ipimwe pamoja na filamu za Kifaransa: inazungumzwa Kifaransa, sehemu kubwa ya kisa iko Antibes, na ilipata tuzo ya Jean Vigo ya Ufaransa. Diski zake tulizoziona ni nzuri, na ukarabati uliofanywa chini ya World Cinema Project, mradi wa kukarabati filamu kongwe za nchi mbalimbali, ni wa kusifiwa. Lakini ni filamu ya Senegal, ya mwongozaji wa Senegal, juu ya binti wa Dakar anayechukuliwa kwenda kuwa mtumishi katika nyumba ya Wafaransa. Kuiingiza kwenye rafu ya Ufaransa ni kurudia jambo lilelile ambalo filamu inalilalamikia. Napendekeza tufungue kundi la filamu za Afrika lenye jopo lake, na filamu hiyo iwe ya kwanza kupimwa.

Naleta hoja mbili kwenye mkutano mkuu. Ya kwanza ni fomu mpya: picha alama 35, sauti 35, manukuu 15, na 15 kwa maelezo ya ukarabati, yaani mtoaji aseme ametumia negativu au kopi ipi, nani alisimamia rangi, na sauti imeguswa kiasi gani. Asiyesema lolote apate sifuri katika kipengele hicho, hata diski yake iwe nzuri vipi. Ya pili ni hilo kundi la filamu za Afrika.

Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono. Walio mbali wamwandikie katibu kabla ya siku ya mkutano. Jopo jipya litaanza na matoleo ya Mouchette ya Bresson, na fundi wetu wa Tanga ameshakubali kuleta tena spika zake; anachohitaji ni mtu wa kumpokea stendi siku moja kabla.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti