Aliyeingia kambi ya maombi asifutwe kwenye ukoo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wa Masasi, Newala na Nachingwea, hasa sisi wajomba, ambao kwa mila zetu za Kimakua, Kimakonde na Kimwera ndio tunaoitwa mtoto wa dada akipotea njia.

Siku hizi mtu akihamia kambini kwa "mtumishi" na kumkabidhi fedha zote za korosho, ukoo hukaa kikao ukamfuta: asikanyage hapa, shamba lake apewe mwingine. Hasira hiyo naielewa. Lakini mtumishi wa namna hiyo amekwisha kumhubiria kwamba ndugu zake ni maadui na huku nje hana wa kumpokea. Tukimfukuza, tunamsaidia kuhubiri.

Mpwa wangu ametoka. Kilichomtoa si mabishano ya maandiko, maana kila hoja alikuwa na jibu alilokaririshwa. Mama yake aliendelea tu kumpigia simu, akimweleza nani kaolewa na mvua imenyesha wapi, bila kugusia kambi. Mpwa wangu alipouguliwa na mtoto wake, nao wakakatazwa kwenda zahanati, namba aliyoikimbilia ni ya mama yake.

Nyumbani ndipo kazi ilipoanza. Mwanamke mzima, mwenye watoto, ananiuliza: "Mjomba, naruhusiwa kulala?" Sokoni alisimama mbele ya mafungu ya nyanya mpaka muuzaji akakereka, asijue achukue lipi, kwa kuwa kule alichaguliwa kila kitu, hata nguo. Majirani walimiminika kumhoji. Wengine walitaka apelekwe kwa mchungaji mwingine siku ileile, na shangazi yake akataja mganga. Nilikataa yote. Aliyetoka kuamuliwa maisha yake asikabidhiwe kwa mwamuzi mpya. Aachwe aamue hata kama ni mboga ya jioni tu. Atalia, atawakumbuka wenzake wa kule, pengine atataka kurudi. Asichekwe.

Afya isisubiri. Aliyefunga siku nyingi usimrundikie ugali kwa huruma, kwani chakula kingi cha ghafla kinaweza kumuua, aanzie hospitali. Kama aliambiwa aache dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu, mhudumu wa afya aambiwe wazi.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuabudu, hivyo mtu mzima hatuwezi kumburuta. Mtoto ni habari nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya chakula, matibabu na elimu, imani ya mzazi iwe ipi. Wenzetu wa Kenya walifukua maiti zaidi ya 400 msituni Shakahola kuanzia Aprili 2023, wengi waliokufa kwa njaa kwa kumfuata mhubiri, watoto wakiwamo. Ukisikia mtoto kambini hali au hatibiwi, piga 116 au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, leo hii.

Halmashauri nazo ziwalete maofisa ustawi wa jamii kwenye mikutano ya vijiji kabla minada ya korosho haijaanza, wakati fedha bado haziko mikononi. Na wajomba wenzangu, shamba la aliyeko kambini lipaliliwe, mavuno yake yawekwe kwa jina lake, na apelekewe habari kwamba lipo.

Mjomba,
Masasi, Mtwara