Mmetoa busta ya breki kwenye gari langu bila kuniuliza

Kwa Meneja wa Gereji,
Kampala.

Bwana Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BREKI ZA GARI LANGU

Mwezi uliopita niliwaletea Subaru yangu mbadilishe kemshafti (kemu, mhimili unaofungua valvu za injini) na mfumo wa kuvuta hewa. Nililichukua Jumamosi. Jumatatu yake, nikiteremka kilima cha Naguru na mama yangu kiti cha mbele, bodaboda alichomoka kushoto. Nikakanyaga breki kama ninavyokanyaga kila siku, gari likazidi kwenda. Ikabidi niongeze mguu wa pili. Tulisimama bampa ikikaribia kugusa gurudumu la pikipiki. Mama hakutamka neno mpaka tulipofika nyumbani.

Nilipofungua boneti sikuona busta, kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu unapokanyaga breki. Mpira wake wa vakyumu (mvuto wa hewa kutoka kwenye injini) ulikuwa umezibwa kwa bolti na kukazwa klempu. Risiti yenu inasema tu "breki za mashindano, 600,000/=". Nani aliziagiza?

Fundi wenu alinieleza kwa simu kwamba kemu mpya inapunguza vakyumu injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, kwa hiyo busta isingesaidia sana. Hapo ana haki. Kemu inayoacha valvu wazi muda mrefu hudhoofisha mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, na busta hupata nguvu yake kutokana na tofauti kati ya mvuto huo na hewa ya nje. Tena Kampala tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje yenyewe ni nyepesi kuliko ya Mombasa.

Sipingi breki zisizo na busta. Magari mengi ya mbio hayana, na madereva wake hutaka kuisikia breki mguuni moja kwa moja. Ninachopinga ni kuitoa busta na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa. Nimepima pedali kwa rula: kutoka kwenye egemeo hadi pa kukanyagia ni sentimita 28, hadi kwenye fimbo ya kusukuma ni 7. Hiyo ni nne kwa moja, kipimo cha gari lenye busta. Lisilo nayo huhitaji karibu sita kwa moja. Masta silinda, inayosukuma mafuta ya breki, nayo ni ileile, ubavuni ina chapa ya 15/16, yaani upana wa ndani kwa inchi, karibu milimita 24. Mngefunga ya milimita 19, mguu uleule ungetoa shinikizo mara moja na nusu, ingawa pedali ingezama zaidi. Hamkufanya hata moja kati ya hayo.

Gari hili haliendi mashindano. Mke wangu hupelekea watoto shuleni, na mguu wake ni mwepesi kuliko wangu. Nataka busta yangu, ileile iliyotoka, irudishwe pamoja na pampu ya vakyumu ya umeme. Pampu nitanunua mimi, kazi ya kuifunga ni yenu, na zile 600,000 mnirudishie. Kabla sijapokea ufunguo tutalijaribu pamoja Naguru, nawe ukae kiti alichokaa mama.

Nawapa siku saba. Gari liko uani kwangu, siliendeshi. Mtume lori la kulibeba. Msije na kamba, maana atakayeshika usukani nyuma ya kamba ndiye atakayehitaji breki.

Mteja wenu