Namba kwenye jalada la gemu haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi tunalikatia shauri kwa haraka, mara nyingi kijana akiwa amesimama mbele yetu anasubiri jibu: je, mtoto wa miaka 13, 14 au 16 yuko tayari kucheza gemu inayomtaka aamue nani aishi, nani asalitiwe na nani anyimwe chakula? Sizungumzii saa anazokaa mbele ya skrini, wala usingizi, wala masomo, kwa kuwa hayo yameandikwa sana na wenye ujuzi kuliko mimi. Nazungumzia uzito wa maamuzi yenyewe, nikiwa mzazi wa vijana na mtu aliyefundisha sekondari kwa muda mrefu.

Kitu cha kwanza tunachokimbilia ni namba iliyochapwa kwenye jalada. Huko Marekani bodi ya ESRB, inayopanga madaraja ya umri ya gemu, iliundwa mwaka 1994, baada ya maseneta kufanya vikao mwaka 1993 kuhusu gemu za damu kama Mortal Kombat, na Ulaya ikapata mfumo wake wa PEGI mwaka 2003, wenye madaraja ya miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Mifumo hii imetusaidia na simshauri mtu yeyote aidharau. Hata hivyo, ukivisoma vigezo vyake utaona kwamba kwa sehemu kubwa vinahusu kinachoonekana na kusikika: mapigano, uchi, matusi, dawa za kulevya, kamari, vitisho. Jambo ambalo mchezaji atatakiwa kulitenda yeye mwenyewe, na namna litakavyomkaa moyoni akishalitenda, halina alama yake kwenye jalada.

Tuitazame Papers, Please, kazi ya Lucas Pope iliyotoka mwaka 2013. Mchezaji ni afisa wa uhamiaji mpakani, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Anakagua pasipoti, vibali na mihuri, na siku ikiisha hupata ujira ambao lazima augawe kati ya kodi ya nyumba, chakula, kupasha nyumba joto na dawa za familia. Siku moja anafika mwanamume ambaye hati zake zimekamilika, naye anapitishwa. Akiondoka anaomba mkewe aliye nyuma yake kwenye foleni atendewe wema. Mke anafika bila kibali cha kuingia na kusema kwamba akirudishwa atauawa. Mchezaji hana bunduki mkononi na hakuna tone la damu mbele yake, ana mihuri miwili tu, wa kukubali na wa kukataa. Akimpitisha, karatasi ya onyo inachapwa papo hapo mezani pake, na maonyo ya siku hiyo yakizidi, ujira unakatwa, na ujira ukikatwa huenda mtoto wake mgonjwa akakosa dawa. Gemu hiyo ina picha za uchi kwenye mashine ya kukagua miili, na mtengenezaji ameweka kwenye mipangilio mahali pa kuzizima. Yule mwanamke hana mahali pa kuzimwa.

Kinyume chake ni Undertale ya mwaka 2015, ambayo ESRB iliipa daraja la miaka 10 na kuendelea, na ambayo mzazi yeyote akiitupia jicho ataona vikatuni visivyo na madhara. Gemu hii inaweza kuchezwa hadi mwisho bila kuua kiumbe hata kimoja. Mwanzoni kabisa yupo Toriel, anayemtunza mchezaji kama mwanawe na kumzuia asiende zake, na wachezaji wengi humuua kwa sababu kila gemu waliyoicheza kabla imewazoesha kwamba anayeziba njia hupigwa. Anayejuta hufanya alivyozoea: hurudi pale alipohifadhi mchezo, akaanza upya, na safari hii akamwacha Toriel hai. Ndipo linapojitokeza ua lenye uso, Flowey kwa jina, na kumwambia waziwazi kwamba linajua alichokifanya mara ya kwanza. Nimewaona watoto wa miaka 12 wakicheka walipofika hapo, na nimewaona wengine wa umri huohuo wakiweka kidhibiti chini na kutaka kuzungumza. Namba ya jalada isingeweza kuwatenganisha hawa na wale.

Ni nini basi kinachowatenganisha? Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1932 alieleza jinsi alivyowapa watoto visa viwili wavilinganishe. Katika kisa cha kwanza mtoto anafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna vikombe 15, na vyote vinavunjika. Katika cha pili mtoto anavunja kikombe kimoja tu, lakini anakivunja akiwa amepanda kiti ili aibe jamu kabatini. Wadogo walielekea kumwona wa kwanza kuwa na kosa kubwa zaidi, kwa kuwa vikombe vyake ni vingi, ilhali wakubwa wao waliuliza kila mmoja alikusudia nini. Kijana wa miaka 13 kwa kawaida amekwisha kuvuka hatua hiyo katika maisha yake ya kila siku, lakini gemu nyingi zinazosifiwa kwa utata wa kimaadili humrudisha kulekule kwenye kuhesabu vikombe. Katika Fallout 3 ya mwaka 2008 mchezaji anaweza kulipua mji mzima kwa bomu la atomiki, akapoteza pointi nyingi za utu wema, kisha akazirudisha kidogo kidogo kwa kuwagawia ombaomba maji safi. (Toleo la Japani liliondolewa uwezo wa kuulipua mji huo, na anayeijua historia ya nchi hiyo hahitaji kuelezwa sababu.) Mass Effect ya mwaka 2007 nayo ina vipimo viwili, na kadiri kimoja kinavyopanda ndivyo mchezaji anavyofunguliwa maneno mapya ya kushawishi au ya kutisha, kwa hiyo mjanja huchagua upande mapema na kuushikilia hadi mwisho. Huyo haamui lolote, anajaza kibaba. Gemu za namna hiyo hazinitii hofu nyingi, kwa sababu kijana hazichukulii kwa uzito na yeye mwenyewe anajua kwamba hazichukulii kwa uzito.

Zile zisizotoa pointi ndizo zinazotutaka tuwe macho, na kwa hizo naona kipimo kizuri ni mazungumzo yanayofuata mchezo kuliko tarehe ya kuzaliwa. Muulize kijana kwa nini alimrudisha yule mwanamke mpakani, kisha nyamaza umsikilize. Akikujibu, "Mama, hii ni gemu tu," usikimbilie kumhukumu. Huenda aliicheza kama fumbo la karatasi na mihuri, na katika hali hiyo gemu haijamdhuru, imempita. Akisema alimrudisha kwa sababu mtoto wake wa kwenye gemu alikuwa mgonjwa, na kwamba hakupenda kufanya hivyo, basi yuko tayari, hata kama wewe ungeamua tofauti, maana ameweza kushika mambo mawili yanayovutana bila kulitupa moja. Aliye tayari si lazima achague vema. Zaidi ya hapo wapo wanaorudia sehemu ileile mara nyingi wakitafuta njia ambayo hataumia mtu yeyote, na wasipoipata wananuna au wanakwenda kutafuta majibu kwenye intaneti. Hawa wana moyo mwororo na dhamiri iliyo hai, lakini bado hawajakubali kwamba baadhi ya maswali hayana jibu safi. Kwao nisingefunga mlango, ila nisingewaacha peke yao na gemu usiku kucha.

Anayetutia wasiwasi zaidi ni yule anayesimulia kwa kicheko jinsi mhusika alivyomlilia na yeye akampiga risasi. Kabla hatujamwita mkatili, tuulize kwanza alikuwa na nani. Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha utafiti ambamo watu 306 wa marika tofauti walipewa gemu ya kompyuta ya kuendesha gari, baadhi wakiwa peke yao na wengine wakiwa pamoja na wenzao. Uwepo wa wenzao uliwasukuma watu kujiingiza katika hatari zaidi, na msukumo huo ulikuwa mkubwa kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Katika kazi zake nyingine Steinberg ameeleza kwamba kijana wa miaka 16 akiwa ametulia hufikiri karibu sawa na mtu mzima, na kwamba kinachochelewa kukomaa ni uwezo wa kujizuia pale damu inapochemka na marafiki wanapotazama. Kwa hiyo kijana yuleyule, akiwa na gemu ileile, anaweza kuwa tayari saa kumi jioni akiicheza peke yake sebuleni, na asiwe tayari saa nne usiku akiwa amevaa vipokea sauti, wenzake wanne wakimpigia kelele masikioni amalize. Ruhusa ninazotoa nyumbani kwangu zinataja gemu na zinataja pia namna itakavyochezwa.

Nitaje na mipaka ya umri ninayotofautiana nayo. This War of Mine, iliyotengenezwa Polandi na kampuni ya 11 bit studios mwaka 2014, inatokana na maisha ya raia wakati Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ilipozingirwa kati ya mwaka 1992 na 1996. Mchezaji hawi askari. Anawaongoza raia wachache waliojificha kwenye nyumba iliyobomoka, na usiku anamtuma mmoja wao akatafute chakula na dawa. Mojawapo ya nyumba anazoweza kuziingia ni ya wazee wawili, mume na mke, wasio na uwezo wa kumzuia. Mzee anamsihi asichukue dawa za mkewe. Akizichukua, wenzake aliowaacha nyumbani huenda wakapona, lakini huzuni huwaingia wahusika hata mmoja wao akaweza kufikia mahali pa kushindwa kufanya lolote. Mwaka 2020 serikali ya Polandi ilitangaza kwamba gemu hii itaingizwa katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari, lakini kwa wale waliofikisha miaka 18, kufuatana na daraja lake. Uamuzi wa kuiweka mikononi mwa mwalimu naupongeza, mpaka wa umri siukubali. Wanafunzi wa miaka 16 husoma darasani habari za vita, mauaji ya halaiki na njaa; mwenye kumudu kuyasoma hayo na kuyajadili atamudu kuingia katika nyumba ya wazee wale, mradi awepo mtu mzima wa kuzungumza naye kesho yake.

Kwa upande mwingine ipo gemu ambayo nisingeiruhusu kabla ya miaka 18 hata kwa kijana mwenye busara, nayo ni Spec Ops: The Line ya mwaka 2012. Katikati ya hadithi mchezaji anaamrisha mashambulizi ya fosforasi nyeupe, kemikali inayounguza, akiwatazama watu kupitia skrini ndogo, ambako wanaonekana kama vidoa vyeupe, na baadaye anatembezwa kati ya raia walioungua, akiwemo mama aliyemkumbatia mtoto. Hadithi haisongi mbele bila shambulio hilo, lakini kuanzia hapo gemu inamlaumu mchezaji kana kwamba alikuwa na njia nyingine. Mtu mzima atang'amua mtego, atakasirika, na huenda akajifunza kitu kuhusu amri na utii. Kijana wa miaka 14 aghalabu hujitwika lawama asizostahili, au hujifanya hajali ili asizitwike, na sioni faida ya lolote kati ya hayo mawili.

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba gemu zote za mapigano huzalisha wauaji, na wengine watakaosema ni upuuzi wa watoto usiostahili nafasi gazetini. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuziunganisha gemu hizo na vitendo vya ukatili katika jamii. Miaka 9 kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha, kwa majaji 7 dhidi ya 2, sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu zenye ukatili mkubwa. Sheria haikutuondolea kazi ya kuamua, na kazi hiyo haifanyiki bila kuijua gemu yenyewe. Mzazi asiyeweza kushika kidhibiti anaweza kutazama mtandaoni video ya mtu akiicheza kwa nusu saa, na hapo atajifunza zaidi ya atakavyojifunza kwa kuligeuzageuza jalada. Na akiruhusu, akumbuke kwamba mdogo wa mchezaji, mwenye miaka minane, huketi kando yake na kuona kila kitu, jambo ambalo kwa uzoefu wangu ndilo tunalolisahau zaidi.

Ndiyo maana nakuombeni ninyi wahariri, kila mnapochapisha habari za gemu mpya, msiishie kwenye ubora wa picha na aina ya kompyuta inayohitajika. Tuambieni mchezaji anatakiwa kufanya nini, kama anaweza kukataa, akikataa kinamtokea nini, na kama gemu inamrudishia matokeo ya alichokitenda au inasahau. Mistari mitano ingetosha, na ningefurahi kama mngewapa vijana wenyewe kazi ya kuiandika, wazazi wakaisoma kabla ya kujibu ndiyo au hapana.

Wako,
Mzazi na mwalimu mstaafu