Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mfuko wa Ufadhili kwa Vijana wa Ufundi Umeme

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vya kamati vilifanyika, na hesabu mtasomewa na mhazini. Muda uliobaki nautoa kwa mfuko wa ufadhili.

Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Tuliipokea kwa furaha. Lakini mikopo ile haikumlenga kijana aliyemaliza kidato cha nne akaenda chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kusomea umeme ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Huyo ndiye wetu. Ada ya chuo cha serikali wazazi wengi hujikakamua wakailipa. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni chumba, nauli, ovaroli, viatu vya usalama, plaizi na testa. Kwa hiyo ufadhili unaoishia kwenye ada, kwa maoni yangu, ni nusu ya ufadhili.

Nusu ya pili ni kazini. Kijana aliyezoea kufunga soketi kwenye ubao wa karakana hajawa tayari kwa laini ya kilovolti 33. Laini ile haingoji uiguse: ukiisogelea mno, umeme unakurukia. Kwanza kibali cha kazi, kisha kuzima, kufunga swichi kwa kufuli, kupima kuhakikisha laini imekufa, kufunga erthi (waya wa kupeleka umeme ardhini) pande zote mbili za sehemu ya kazi, ndipo mtu apande. Utaratibu huu kijana anaweza kuukariri darasani, lakini mkono unauzoea chini ya jicho la fundi mkongwe tu. Wanachama mliopokea wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi kwa fundi, mwaka huu, nawashukuru kwa moyo wote. Napendekeza kuanzia sasa kila mfadhiliwa apangiwe fundi mlezi siku ileile anayopewa barua ya ufadhili.

Mabinti pia waje. Kupanda nguzo ni mazoezi na mkanda uliofungwa sawasawa, na hayo hayachagui jinsia.

Wapo vilevile mafundi wa mtaani, wenye miaka mingi kazini na hawana karatasi yoyote. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti kwa ujuzi walio nao, na cheti hicho kinawasogeza kwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Bila leseni, fundi hafungi umeme kihalali kwa jina lake. Anabaki kibarua wa mwenye leseni, na malipo anapangiwa. Inaniuma kuwaona watu waliotufundisha baadhi yetu kazi wakiishi hivyo.

Kamati inaomba mkutano uridhie sehemu ya mfuko ilipie upimaji huo pamoja na ada ya leseni ya kwanza. Pendekezo limo katika ajenda ya leo. Naomba lijadiliwe kabla ya uchaguzi wa viongozi, wakati wajumbe wote bado wapo ukumbini.