Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na VVU kwa Mgeni Rasmi, Siku ya UKIMWI Duniani, Moshi Vijijini

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa kijiji, wataalamu wa kituo chetu cha afya, viongozi wa dini, wazazi wetu na wanakikundi wenzetu: tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 1 Desemba, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali kupanda huku mlimani licha ya majukumu mengi uliyonayo.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wachache waliozoeana kliniki siku za kuchukua dawa. Leo, kwa fahari kubwa, kinamiliki viti vya plastiki na masufuria ya kukodisha, banda la kuku wa mayai, mfuko wa kukopeshana na kundi la igizo linalovuma kata nzima.

Igizo utakaloliona baada ya risala hii linahusu tumbili, nasi tunaomba kulieleza kidogo kwa kuwa ombi letu limo humo. Tumbili wanaovamia mahindi na ndizi zetu ni miongoni mwa jamii za wanyama wa Afrika ambazo kwa asili hubeba SIV, virusi vilivyo ndugu wa VVU. Virusi hivyo huweza kuwa vingi mno katika damu yao, lakini kwa kawaida hawaugui UKIMWI, kwa sababu kinga yao hutulia mapema baada ya maambukizi. Makaki, aina ya kima wa Asia ambaye ukoo wake haukuvizoea virusi hivyo, huugua na kufa. Watafiti waliompima waliona kwamba virusi hupanda hadi kilele kwenye wiki ya pili hivi, kisha hushuka na kutulia kwenye kiwango fulani, na kwamba wale ambao kiwango chao kilibaki juu ndio waliotangulia kuugua, hata kama wakati wa kupimwa walionekana wazima. Kwa sokwe wetu wa Gombe, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wenye virusi vya aina hiyo walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi binadamu tuko upande wa makaki. Mtu anaweza kulima, kubeba majani ya ng'ombe na kuimba kwaya huku virusi vikiongezeka, na ni kipimo cha wingi wa virusi pekee kinachomwambia mapema kama dawa zinavifubaza au zimeshindwa. Majibu yakichelewa, mgonjwa huendelea kumeza dawa isiyomsaidia.

Hapo ndipo penye kilio chetu. Damu ya kipimo hiki inatakiwa kutenganishwa plazima, yaani sehemu yake ya majimaji, ndani ya saa 24 tangu ichukuliwe, na kituo chetu hakina sentrifuji, mashine ya kuizungusha damu ili plazima ijitenge. Chupa hupakiwa kwenye bodaboda kuelekea mjini, na wakati wa masika, barabara inapoteleza na mto kujaa, muda hupita na sampuli hukataliwa. Mwenye damu huitwa kuchomwa upya, na wapo ambao wakiitwa mara ya pili hawaji tena.

Tunakumbuka kwa heshima kwamba ombi hili liliwahi kusomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, likapigiwa makofi, na ahadi ikatolewa hapa hapa uwanjani. Kwa kuiamini ahadi hiyo, wanakikundi walichanga, wakapaka rangi chumba kimoja cha kituo, wakavuta umeme na kujenga meza ya zege yenye vigae vyeupe. Mganga mfawidhi alituelekeza mahali pa kuweka soketi mbili, moja ya mashine na moja ya jokofu. Soketi hizo hadi leo hazijachomekwa kitu. Barua zetu za kukumbushia zilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na tunaamini kwa dhati kwamba ujio wako utakuwa na matunda tofauti.

Tunaomba sentrifuji moja na jokofu dogo la kutunzia plazima. Hatuombi jengo, wala posho, wala fulana za maadhimisho. Tunakuomba pia, kwa unyenyekevu mkubwa, utakaposimama kutujibu ututajie mwezi wa kuvipokea na ofisi tutakayoifuatilia, ili katibu wetu aviandike kwenye muhtasari mbele ya mkutano huu.

Baada ya risala hii, tunakukaribisha ukione chumba hicho. Ufunguo anao mweka hazina.

Tunaomba kuwasilisha.