Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi: Uigaji wa Mionzi kwa Kompyuta katika Tiba ya Saratani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Fizikia, tunakukaribisha kwa heshima kubwa uone kazi yetu ya mwaka huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi, kama wanavyotibiwa wengi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, hupangiwa dozi inayopimwa kwa grei, mara nyingi grei 2 kwa siku kwa wiki kadhaa. Kipimo hicho hueleza nishati iliyoingia mwilini, lakini hakielezi yaliyotokea ndani ya seli. Grei 1 hukata uzi mmoja wa DNA, molekuli ya urithi yenye nyuzi mbili, mahali panapokaribia 1,000 katika kila seli, na seli huyarekebisha kwa urahisi mengi ya majeraha hayo. Ya hatari zaidi ni yale machache, yapatayo 20 hadi 40, ambapo nyuzi zote mbili hukatika, kwani yasiporekebishwa sawasawa seli huweza kufa. DNA ina upana wa nanomita 2 tu, na hakuna chombo cha hospitali kinachoweza kufuatilia kila mgongano humo, ndiyo maana kompyuta inahitajika.

Njia inayotumika huitwa Monte Carlo, na iliasisiwa na Stanislaw Ulam na John von Neumann huko Los Alamos, Marekani, katika miaka ya 1940. Kompyuta hufuata chembe moja moja, na kila hatua huamua kwa bahati nasibu, kwa kuzingatia uwezekano unaojulikana, iwapo elektroni itagonga molekuli, itapoteza nishati kiasi gani na itaelekea wapi. Programu ya Geant4-DNA, ambayo chimbuko lake ni Shirika la Anga la Ulaya lililotaka kuelewa athari za mionzi kwa wanaanga, huendelea hadi kwenye maji ya seli, yanayovunjika na kuzaa radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli za maji vinavyoingia kwenye mmenyuko upesi sana, zinazoidhuru DNA hata pale mionzi yenyewe ilipopita pembeni. Kwetu sisi hiyo ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote, kwani fizikia, kemia na baiolojia, tunazofundishwa katika vipindi tofauti, hukutana katika hesabu moja.

Hatudai kwamba kompyuta inatosha. Matokeo yake hulinganishwa na seli hai zilizopigwa mionzi maabara, na namna seli inavyojirekebisha bado ni vigumu sana kuigwa.

Programu hiyo hutolewa bure, lakini kufuatilia chembe nyingi huhitaji kompyuta yenye nguvu, nasi tunatumia za zamani ambazo huhitajika pia kwa vipindi vya darasani. Tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utusaidie kupata kompyuta moja yenye uwezo huo, pamoja na betri ya akiba kwa nyakati umeme unapokatika, na utuombee nafasi ya kuwatembelea wataalamu wa fizikia tiba ili watuoneshe jinsi dozi ya mgonjwa inavyopangwa.

Tunaomba kuwasilisha.