Gesi inayobaki mtungini ilipiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza sisi wapishi wa safari za kambi, tunaotoka Arusha na mitungi midogo ya gesi kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti.

Mtungi wa kilo 6 uliobakiwa na kilo 2 siwezi kuutegemea kwa siku nne porini, hasa pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako alfajiri baridi huishusha nguvu ya gesi na sufuria ya maji ya chai hukawia kuchemka. Kwa hiyo naurudisha dukani kabla haujaisha, nalipa bei kamili ya mtungi uliojaa, na zile kilo 2 zinaondoka bila mtu kuziuliza. Nikifanya hivyo mara tatu, nimetoa bure mtungi mzima.

Hasara hiyo ndiyo inayowapeleka wenzangu kwa wanaohamisha gesi uchochoroni. Mwezi uliopita nilimkuta kijana amepindua mtungi wa kilo 15 juu ya kiti, ameuunganisha kwa mpira na mtungi mdogo uliolazwa ndani ya beseni la barafu. Hakuwa na mizani. Alikuwa akiutikisa kusikiliza kama umejaa. Alipochomoa mpira, gesi ilifuka nyeupe kwa kishindo, na hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na jiko la mkaa linalowaka. Niliondoka haraka, moyo ukinidunda.

Gesi iliyo katika hali ya kimiminika hutanuka inapopata joto, ndiyo maana mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake. Uliojazwa kwa kukisia unaweza kukosa nafasi hiyo, nasi tunaufungia nyuma ya gari linaloshinda juani, tukiwa na wageni ndani. Ikivuja, gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kutuama sakafuni mwa gari au hema.

Nawaomba EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kampuni za gesi walitazame suala hili kwa kuanzia na mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe: ikiwa umeandikwa kilo 7.2 na mizani inasoma 9.2, basi zimebaki kilo 2, na bei yake ipunguzwe katika malipo ya mtungi mpya. Pia vituo vyenye leseni viwezeshwe kutujazia mitungi midogo kwa kilo tunazohitaji, mbele ya macho yetu, kwa mashine inayopima. Wengi wetu tuko tayari kulipa zaidi kidogo ya bei ya uchochoroni ili tupate huduma hiyo, na tungefarijika ikianza kabla ya msimu wa wageni wa Juni.

Wako,
Mpishi wa safari,
Arusha